Ikiungua Yawa Nini?

Mjomba wangu ananuka amonia. Si tusi, ni kemia. Ana punda sita anaowalaza katika zizi chini ya nyumba ya kale, mtaa wa Langoni, Lamu. Ukiingia humo alfajiri kabla mlango haujafunguliwa, kinachokupokea kwanza si punda. Ni ile harufu kali ya mkojo uliolala usiku kucha. Inapanda puani, inafika machoni, unatoka mbio ukifuta machozi. Utotoni nilidhani hiyo ndiyo harufu ya punda. Jina lake nililijua nilipofika Kidato cha Tatu, mwalimu alipofungua kichupa darasani na sisi wasichana wa Lamu tukatazamana, tukaangua kicheko. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa bara. Hakuelewa tunacheka nini.

Siku hizi kazi yangu ni kuichoma harufu hiyo.

Naichoma Cardiff, Wales, ninakosomea uzamivu. Kuna chumba chenye kuta nene, ndani yake kuna kichomeo, na kwenye kichomeo kuna dirisha la kioo kinachohimili joto. Mimi nakaa chumba cha pili, mbele ya skrini. Naanza na methani, gesi ileile inayotoka kwenye shimo la samadi na ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia. Moto wake ni wa buluu, umetulia. Kisha nafungua vali ya amonia, kidogo kidogo, na ule ubuluu unaanza kugeuka. Unakuwa wa manjano, halafu unaiva kama embe. Mara ya kwanza kuuona nilipiga picha, nikamtumia mama. Akajibu: "Mzuri. Umekula?"

Kwa nini mtu achome amonia? Kwa sababu haina kaboni. Ni nitrojeni moja na haidrojeni tatu, basi. Ikiungua kikamilifu inaacha maji na nitrojeni, na nitrojeni ndiyo asilimia 78 ya hewa unayovuta sasa hivi ukisoma hapa. Ndiyo maana dunia imeichangamkia. Mwaka 2024, kituo cha umeme cha Hekinan nchini Japani kilijaribu kuchoma makaa ya mawe huku asilimia 20 ya nishati ikitoka kwenye amonia. Mwaka huohuo meli iitwayo Fortescue Green Pioneer ilitumia amonia kama fueli bandarini Singapore. Shida ni kwamba amonia ni mvivu. Moto wake ukiwa peke yake hutambaa kwa takriban sentimita 7 kwa sekunde, wakati wa methani unakaribia 40. Ukiipeleka kwenye turbini ya gesi hivihivi, moto unazimika. Kwa hivyo tunachanganya. Methani inaishika amonia mkono, wanavuka pamoja.

Hiyo ndiyo stori niliyowapa watu wa nyumbani Desemba iliyopita. Na ni ya kweli, kila neno. Tatizo ni pale nilipoishia.

Kikundi kimoja cha vijana kilikuwa kimeniomba niseme machache baada ya sala ya Isha, katika ukumbi mdogo karibu na Mkunguni. Projekta ya kuazima, shuka jeupe limepigwa misumari ukutani, kahawa chungu na kashata zinazunguka. Watu kama thelathini. Mjomba alikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, na kikoi chake cha kazi, kwa sababu alikuwa ametoka kushusha mchanga.

Nilikuwa na slaidi kumi na moja. Kwa kweli zilikuwa kumi na mbili. Ya kumi na mbili niliifuta jioni ileile, nimekaa barazani na kompyuta mapajani. Ilikuwa grafu moja tu, yenye mstari unaopanda kama mnazi. Nilijiambia itawachanganya. Nilijiambia hawa si wanakemia, wacha niwape matumaini kwanza, mengine baadaye. Unajua vile mtu anavyojiambia.

Nikamaliza kwa sentensi niliyoipenda sana: "Ni moto usio na moshi." Makofi. Halafu mkono mmoja ukanyanyuka nyuma.

"Mwanangu, hii amonia ndiyo ile ya zizini kwangu?"

Ukumbi mzima ukacheka. Na mimi nikacheka. "Ndiyo, mjomba. Ndiyo ileile."

Akangoja kicheko kiishe. "Ile ikiwa baridi yaumiza mato," akasema. Sisi Waamu macho twayaita mato. "Ikiungua yawa nini?"

"Maji, mjomba. Na nitrojeni. Hewa ya kawaida."

"Yote?"

Hapo palikuwa na nafasi. Ningeweza kusema hapana, na slaidi ilikuwa bado ipo kwenye kompyuta, mahali zinapokaa vilivyofutwa. Badala yake nikasema, "Karibu yote," nikageukia kijana wa mbele aliyetaka kujua kuhusu ufadhili wa masomo. Mjomba akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyehesabu chenji akaona imepungua, lakini hataki ugomvi dukani.

Usiku ule alinisindikiza nyumbani. Vichochoro vya Lamu ni vyembamba, mkitembea wawili mmoja lazima atangulie, kwa hivyo alinisemesha akiwa nyuma yangu, simuoni uso.

"Wale nao walikuja na shuka jeupe," akasema.

Sikuhitaji kuuliza wale ni nani.

Kama wewe ni wa Nairobi au Dar, huenda ulikutana na kisa hiki kwenye Twitter kama alama ya reli. Kilikuwa ni mpango wa kujenga kituo cha umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, huko Kwasasi, upande wa bara, kaskazini mwa mji wetu ambao tangu 2001 uko kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Leseni ya mazingira ilitolewa 2016. Wakazi, wakiwemo wale wa Save Lamu, wakaenda kwenye mahakama ya kitaifa ya kesi za mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa. Sababu kubwa mojawapo ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo kabla ya mradi kupitishwa.

Ukiisoma leo utadhani Lamu nzima ilikuwa upande mmoja. Nyumbani kwetu haikuwa hivyo. Bibi yangu aliandamana, na bango alilobeba niliandika mimi kwa kalamu nene ya shule. Mjomba, mtoto wake wa kuzaa, aliutaka ule mradi. Alikuwa na watoto watano na punda wanne, na aliambiwa kutakuwa na kazi za ujenzi kwa miaka. Mama na mwana wakanyamaziana kwa Idi mbili. Akipita na punda chini ya dirisha la bibi hasalimii, na bibi akisikia kwato anapandisha sauti ya redio. Mimi ndiye niliyekuwa mjumbe. "Mwambie mamake mjomba wako dawa zake ziko dukani." Mamake mjomba wangu! Yaani bibi yangu.

Walikuja kupatana bila maneno. Siku moja mjomba alileta changu wawili, akawaweka jikoni, akaondoka. Bibi akapika wali, akampelekea. Ilikuwa imeisha. Bibi tumemzika 2022.

"Niliuliza swali moja tu wakati ule," mjomba akasema nyuma yangu, kwenye giza. "Kwamba majivu yataenda wapi. Nikaambiwa haya ni makaa safi, mitambo ya kisasa. Sikuuliza la pili. Nilitaka kazi, nikasikia nilichotaka kusikia." Kimya kidogo. Tukasimama kupisha punda wa mtu. "Sasa leo nimeuliza la pili."

Nililala nikitazama boriti za dari hadi alfajiri.

Huko Cardiff, ninakokaa, makaa ya mawe ni babu wa mji. Karne moja iliyopita bandari ile ilikuwa mojawapo ya bandari kubwa kabisa duniani za kusafirisha makaa. Makaa ya Wales yalifika hadi Aden kulisha meli za mvuke, na mabaharia Wasomali na Wayemeni walirudi nazo, wakaoa, wakajenga misikiti. Wajukuu wao bado wapo, mmoja ananinyoa nywele za shingoni bure kwa sababu nasema "salamu alaykum" kama mtu wa pwani. Uingereza ilizima kituo chake cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe tarehe 30 Septemba 2024. Nilikuwa maabara siku hiyo, tukala keki. Na hakuna aliyesema kwa sauti kwamba hawa watu walihitaji zaidi ya miaka mia kuona ubaya wa kitu ambacho mwanzoni kilikuwa ajira tu.

Nilirudi Januari na swali la mjomba likiwa kwenye begi pamoja na kashata. Ikiungua yawa nini? Basi acha nilijibu hapa, jinsi nilivyopaswa kulijibu pale.

Amonia ikiungua, si nitrojeni yote inayorudi kuwa hewa ya kawaida. Nyingine hukutana na oksijeni na kushikana nayo. Hapo unapata oksidi za nitrojeni, ambazo maabara tunaziita noksi. Kila moto mkali huzitengeneza kiasi, hata wa methani tupu, kwa sababu joto likipita kama nyuzi 1,500 za Selsiasi hata nitrojeni ya hewani, ambayo kwa kawaida haina habari na mtu, huanza kushikana na oksijeni. Lakini amonia imebeba nitrojeni ndani ya mwili wake. Haihitaji kungoja joto. Ndiyo maana ukiongeza amonia kidogo tu kwenye methani, ile namba ya noksi hairuki kwa adabu, inaparamia mnazi. Huo ndio mstari niliofuta.

Na noksi si jambo la wanakemia. Huwasha njia za hewa, huchochea pumu. Jua likizipiga zinasaidia kutengeneza ozoni ya chini, ile inayochoma kifua. Mvua ikizikuta inageuka ya asidi, na sisi mji wetu ni wa matumbawe na chokaa, vitu ambavyo asidi huvila. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza cha nitrojeni dioksidi kwa wastani wa mwaka kutoka mikrogramu 40 hadi 10 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Halafu kuna ndugu yao mmoja, naitrasi oksidi, anayejificha pale moto unapopoa vibaya. Kilo moja yake hupasha dunia joto takriban mara 270 kuliko kilo ya kaboni dioksidi, ukihesabu kwa miaka 100. Akitoroka kwa wingi, ile faida yote ya kukimbia kaboni inakwenda na maji.

Habari njema ni kwamba inawezekana kuzipunguza, na hiyo ndiyo kazi yangu hasa. Si kuchoma amonia. Kuchoma amonia mtu yeyote ataweza, na mazizi yetu yatakuwa na wivu. Kazi ni kuichoma bila kuacha madhara mengine nyuma.

Nilimweleza mjomba kwa ujumbe wa sauti, dakika saba, nikiwa kwenye kituo cha basi na mvua inanyesha. Nilimwambia akumbuke bibi alivyopika wali. Sufuria juu ya seredani, moto wa chini. Maji yakikaribia kukauka, hakuongeza moto chini, maana wali ungeungua na juu ubaki mbichi. Aliupunguza, akafunika, akapalia makaa juu ya kifuniko. Moto wa kwanza unafanya kazi nusu, kwa makusudi. Wa pili unamalizia.

Na sisi tunafanya vivyo hivyo. Hatua ya kwanza tunaunyima moto hewa kidogo, fueli inazidi hewa kwa kama asilimia 10 hadi 20. Oksijeni inakuwa haba, na nitrojeni inakosa wa kushikana naye. Hata zile noksi chache zinazozaliwa hukutana na mabaki ya amonia yaliyovunjikavunjika, yanazinyang'anya oksijeni, zinarudi kuwa nitrojeni ya kawaida. Kinachobaki hapo ni haidrojeni na amonia kidogo ambazo hazijaungua. Ndipo, mbele kidogo, tunaingiza hewa nyingine, moto wa pili, unamalizia. Bado bomba la kutolea hewa linaweza kuwekewa kichocheo, na hapo utacheka, mjomba: dawa inayonyunyizwa humo ili kuua noksi ni amonia yenyewe.

Sikumficha sehemu ngumu. Mlango ni mwembamba. Hewa ikizidi kidogo katika hatua ya kwanza, noksi zinapanda. Ikipungua mno, amonia inapita bila kuungua, inatoka bombani, na mji mzima unageuka zizi.

Nikamwambia pia kuhusu usiku mmoja wa Februari. Nilikuwa nimefika pale penye mlango, namba imeshuka, imetulia. Nikaandika kwenye daftari, nikashika simu kujibu ujumbe wa binamu yangu. Dakika mbili, pengine tatu. Nilipoinua macho, namba ya noksi ilikuwa imevuka elfu. Kipimo cha hewa kilikuwa kimehama kidogo sana, kiasi ambacho usingekiona usipokitafuta. Lakini kilichonitisha ni dirisha. Nilitazama moto, na moto ulikuwa vilevile. Rangi ileile ya embe, umbo lilelile. Kwa jicho, hakuna kilichobadilika. Mtu aliyesimama nje ya bomba lile asingeona moshi wowote. Angesema, kama nilivyosema mimi ukumbini, ni moto usio na moshi.

Nadhani hapo ndipo nilipoelewa vizuri nilichokosea Desemba. Makaa ya mawe angalau yana adabu ya kuonekana. Masizi yanakaa kwenye nguo, bibi angeyaona kwenye kamba ya kuanikia. Kitu ninachokitengeneza mimi kikiharibika hakitaonekana na mtu yeyote wa Langoni. Kitaonekana kwa mwenye kipimo tu. Kwa hivyo mwenye kipimo akinyamaza, hata kwa nia njema, hata kwa kuogopa kuwachanganya watu, amewafungia dirisha.

Si mradi wa kesho. Hakuna aliyekuja Lamu na turbini ya amonia. Lakini bandari mpya ipo, gati la kwanza lilifunguliwa Mei 2021, na meli za dunia zinatafuta fueli mpya. Siku moja kitu cha aina hii kitapita mbele yetu, kikiwa kwenye tangi la meli au kwenye karatasi ya mradi, na atakuja mtu mwenye slaidi nzuri na shuka jeupe. Huenda nikawa mimi.

Jibu la mjomba lilikuja siku ya pili. Nyuma ya sauti yake mlikuwa na kwato, na mtu anapiga kelele apishwe njia.

"Nimefahamu," akasema. "Kumbe ni kupalia. Mamangu angekuelewa kabla hujamaliza." Akakohoa. Akamkemea punda mmoja kwa jina. "Sasa niambie jambo moja. Hiyo mashine ikija huku, saa nane za usiku, ni nani atakayekaa mbele ya hiyo skrini? Na akiona namba yapanda, atamwambia nani? Mimi, au tajiri wake?"

Ujumbe ukaishia hapo.

Nimeusikiliza mara nyingi. Jibu la hatua mbili ninalo, la kichocheo ninalo. La saa nane za usiku sina, na katika makala zote nilizosoma kwa ajili ya utafiti wangu, hakuna hata moja iliyouliza. Ile slaidi ya kumi na mbili nimeirudisha. Nimeiweka ya pili kutoka mwanzo, kabla ya picha yoyote ya moto mzuri. Desemba narudi Lamu. Ukumbi umeshaombwa, na mjomba amesema safari hii atakaa mbele.